Je, wajua? Wharram Percy haikuuawa na tauni

Kwenye vilima vya chokaa vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna kanisa la mawe lisilo na paa, limesimama peke yake malishoni. Kandokando yake nyasi zimeota juu ya vituta vyenye umbo la mstatili. Vituta hivyo ni mabaki ya kuta za nyumba za wakulima. Hayo ndiyo mahame ya Wharram Percy, kijiji kilichoingia katika daftari la ardhi la mfalme mwaka 1086, kikabaki bila wakulima wake mnamo 1500.

Walikwenda wapi? Kwa miaka mingi jibu nilikuwa nalo mfukoni: tauni. Nililitoa bila kuulizwa mara mbili. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348, na kwa makadirio ya wengi iliondoka na theluthi hadi nusu ya watu. Ukishaonyeshwa kanisa gofu na kutajiwa tauni, nani atauliza zaidi?

Jibu lile linakwama kwenye miaka. Kati ya tauni na kaya za mwisho kuna karne moja na nusu. Wanakijiji wengi walikufa, ndiyo, lakini waliosalia waliendelea kulima, kuoana na kubatiza watoto kanisani palepale. Babu aliyepona ndui utotoni, akaja kufa uzeeni kwa kuanguka ngazini, hatusemi kauawa na ndui. Na hata kanisa lenyewe lilinidanganya: halikuachwa siku watu walipoondoka. Waumini wa vijiji jirani, kama Thixendale, waliendelea kulitumia kwa karne kadhaa.

Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, alianza kuchimba hapo mwaka 1950; John Hurst, mwanaakiolojia, alijiunga naye baadaye kidogo, na uchimbaji ukaendelea kila kiangazi hadi 1990. Aliyeonekana mwishoni mwa kesi hii ni kondoo.

Fikiria nyumba ya vyumba kumi vya kupangisha. Ugonjwa unapita, vyumba vitatu vinabaki vitupu. Wapangaji sasa ni adimu, kwa hiyo wanabembelezwa: kodi inashuka, na asiyeridhika anahamia mtaa wa pili, ambako nako wanamtafuta kwa tochi. Mwenye nyumba anaona mapato yakipungua mwaka hadi mwaka. Ndipo anatokea mfanyabiashara anayetaka nyumba nzima iwe ghala. Vyumba vyote kumi vingekuwa na watu, kuwatoa kungekuwa vita. Wakibaki wanne, ni suala la notisi tu.

Mashambani ilikuwa hivyohivyo. Baada ya tauni vibarua walikuwa wachache na ujira ukapanda, huku nafaka ikikosa walaji wa kutosha. Shayiri inataka mikono ya kulima, kupanda, kuvuna na kupura. Kondoo wanataka nyasi, mchungaji na mbwa, na sufu yao ilikuwa na soko. Mnamo 1500 mwenye ardhi alizitoa kaya nne za mwisho, nyumba zikabomolewa, malisho yakaanza. Wala halikuwa jambo la kijiji kimoja: Bunge lilishapitisha sheria dhidi ya ubomoaji wa aina hiyo mwaka 1489, kwa mafanikio haba.

Kwa hiyo tauni haitoki bila lawama. Ndiyo iliyoanza kuviacha vyumba vitupu. Tena mahame ya namna hii nchini Uingereza yanahesabiwa kwa maelfu, na mengi hayakuacha maandishi ya kutosha kuamua nani alaumiwe. Vijiji vichache kweli huonekana kumalizwa na tauni moja kwa moja. Tusmore, huko Oxfordshire, hutajwa mara nyingi.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile vituta. Ardhi ikilimwa kila mwaka, jembe la plau husawazisha misingi mpaka isionekane. Hapa hapakulimwa, kwa sababu palikuwa malisho. Mpangilio wa kijiji bado unasomeka juu ya nyasi, umetunzwa na kondoo walewale waliowatoa watu.