Bati kupigwa tupa haitoshi, likunje

Watu wengi wanaamini ukishakata bati na mkasi, ukapitisha tupa na msasa kidogo pembeni basi makali yameisha. Hapana jamani. Tupa inatoa vile vijimeno vya mkasi tu, lakini bati la geji 28 (geji ni namba ya unene wa bati) unene wake haufiki hata nusu milimita, kwa hiyo ukilishika kwa nguvu bado linakata kama wembe, na pia linabaki tepetepe linacheza cheza.

Dawa ni kukunja ukingo. Angalia karai au sanduku la bati la mafundi wa Kamukunji pale Nairobi, pitisha kidole pembeni uone palivyo mviringo, mara nyingi ndani kuna waya.

Nyumbani chora mstari milimita 6 kutoka ukingoni, bana bati kwenye chuma cha pembe (kile chenye umbo la L), alafu gonga na nyundo ya mbao taratibu, unaenda mwisho unarudi, kila raundi unalaza kidogo tu, maana ukipiga kwa nguvu sehemu moja bati linatanuka pale na ukingo unakuwa mawimbi, na kuyanyoosha hayo ni shida kweli. Tupa itangulie, kabla hujakunja.