Divai kavu na divai yenye ukakasi si kitu kimoja

Mtu kamiminiwa Madiran, divai nyekundu ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, kapiga funda moja, uso umekunjamana na ulimi unatafuta mate usiyaone. Anaisogeza glasi pembeni: "Hii kavu mno. Niletee isiyo kavu sana." Mhudumu anafuata alichoambiwa, analeta divai nyeupe ya Alsace, ya Ufaransa hukohuko, iliyobakiwa na sukari, na mteja analalamika tena kwamba sasa kaletewa sharubati. Mhudumu hana kosa. Ameombwa sukari, ameleta sukari. Mteja alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa, ambacho Kiswahili kina neno lake, tena zuri, ila mezani halitumiki.

Maana kwanza, upesi. Divai kavu ni divai ambayo hamira imekula sukari yote ya zabibu, au karibu yote. Kwa divai isiyo na mapovu, sheria za Umoja wa Ulaya zinaweka mpaka kwenye gramu 4 za sukari kwa lita, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Divai ikiwa na asidi ya kutosha, mpaka unasogea hadi gramu 9. Juisi ya zabibu kabla ya kuchachuka huwa na gramu 200 na ushei kwa lita. Kila gramu 17 hivi zinazoliwa huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo divai ya asilimia 13 imekwisha kumeza gramu 220 hivi. Ukavu ni hesabu ya sukari, basi. Hausemi lolote kuhusu rangi, nguvu ya kilevi, uchungu, wala namna fizi zinavyojisikia.

Kwa nini kimiminika kiitwe kikavu? Wafaransa husema sec, kutoka siccus ya Kilatini, na Waitalia na Wareno wana ndugu zake, secco na seco. Mswahili hana haki ya kushangaa sana. Sisi wenyewe tunakula ugali mkavu uliotoka jikoni unafuka mvuke, na tunakunywa chai kavu kikombe kikiwa kimejaa pomoni. Ukavu hapo ni kukosa mwenzake: ugali umekosa mboga, chai imekosa kitafunwa. Divai kavu imekosa sukari. Tafsiri yetu basi si mbaya hata kidogo.

Kinachotutega ni zabibu kavu. Hapo kilichoondoka ni maji. Sukari imebaki ikajikusanya, ndiyo maana zabibu kavu ni tamu kuliko mbichi. Kwenye divai kavu kilichoondoka ni sukari, maji yamebaki. (Neno zabibu lenyewe kwa Waarabu ni lile tunda lililokaushwa. Tuliliazima tukalipa na tunda bichi, sasa inatulazimu kuongeza "kavu" ili turudi lilikotoka.) Huko Jura, mashariki mwa Ufaransa, wapo wanaokausha zabibu makusudi kwa wiki sita au zaidi, kwa kuzilaza juu ya mabua makavu au kuzitundika, ndipo wazikamue. Divai hiyo, vin de paille, hutoka nzito na tamu. Divai ya zabibu kavu, kumbe si divai kavu. Na kwenye ghala hilohilo kuna vin jaune ya zabibu aina ya Savagnin, iliyolala kwenye pipa lisilojazilizwa kwa miaka mingi chini ya utando wa hamira, isiingie sokoni kabla ya miaka 6 na ushei tangu mavuno. Inanukia kokwa za jozi na bizari, na sukari haina kabisa.

Wafaransa nao wameliharibu neno lao, hasa kule Champagne, inakotoka shampeni, divai ya mapovu. Karne ya 19 shampeni ilikuwa kinywaji kitamu sana. Ile iliyopelekwa Urusi ilitiwa sukari hata zaidi ya gramu 100 kwa lita. Waingereza walitaka pungufu, na kilichopunguzwa kidogo kikaitwa sec, kikavu kwa kulinganishwa na ile ya Warusi. Baadaye watu wakataka pungufu zaidi, lakini sec ilikuwa imeshachukuliwa, ikabidi litafutwe neno jingine: brut, yaani ghafi, kitu kisichofanyiwa kazi. Kampuni ya shampeni ya Pommery ilitoa brut yake maarufu ya mavuno ya 1874. Ngazi zile zimebaki hadi leo kwenye lebo. Brut ni chini ya gramu 12 kwa lita, extra-sec ni 12 hadi 17, sec ni 17 hadi 32, demi-sec ni 32 hadi 50. Kwa hiyo shampeni iliyoandikwa "kavu" ina utamu ambao divai isiyo na mapovu ikiwa nao mara nyingi huangukia kundi la moelleux, yaani tamu laini. Anayetaka shampeni kavu kwa maana ya kawaida aagize brut au extra-brut iliyo kavu zaidi, asiisogelee sec.

Turudi kwa mtu wetu wa Madiran. Ng'ata ndizi mbichi, au bibo ambalo halijaiva sawasawa. Ulimi unakuwa kama umepanguswa kwa gunia, fizi zinakwaruza, mashavu yanavutika ndani. Huo ndio ukakasi. Siku hizi neno limehamia bungeni na magazetini, kauli ina ukakasi, zabuni ina ukakasi, mpaka wengine hawajui kwamba lilianzia mdomoni. Lirudishwe mdomoni, maana ndilo hasa linalohitajika kwenye divai nyekundu.

Ukakasi wa divai unaletwa na tanini, inayotoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na kwa sehemu kwenye mbao za mwaloni za pipa. Tanini hushikamana na protini za mate zikagandana. Mate yakishapoteza utelezi wake, ulimi unasuguana na meno pakavu. Mtu anahisi ukavu, kweli, na ndiyo maana anasema "kavu". Lakini huo ni ukavu wa mdomo wake, si wa divai. Jina tanini limetokana na tan ya Kifaransa, unga wa magome ya mwaloni wa kutengenezea ngozi. Pwani yetu ngozi na nguo zilipata rangi kwa magome ya mikoko, na mkandaa, mmojawapo wa mikoko hiyo, ndio ulioipa jina chai isiyo na maziwa, chai ya mkandaa. Iache majani yalale dakika kumi, uinywe bila sukari, utakuwa umeonja tanini bila kufungua chupa.

Divai nyeupe kwa kawaida hukamuliwa na juisi ikatenganishwa na maganda mapema, kwa hiyo tanini yake ni kidogo mno. Chukua Chablis: divai ya zabibu aina ya Chardonnay, ya kaskazini mwa Burgundy, kwenye udongo wa chokaa uliojaa visukuku vya chaza wadogo. Kwa sukari ni kavu sawa na Madiran, lakini mdomoni inafanya kinyume chake, mate yanachuruzika pembeni mwa ulimi kama umelamba limau. Huo ni uchachu, kazi ya asidi. Muscadet ya karibu na Nantes ni hivyohivyo, nyepesi zaidi, na ile iliyolala juu ya mashapo ya hamira majira ya baridi huwa na kamchomo kadogo kwenye ncha ya ulimi. Kipimo ni rahisi: meza, kisha ngoja sekunde tano. Mate yakija, umekutana na asidi. Yasipokuja na ulimi ukanata kwenye meno, umekutana na tanini. Uchungu ni kitu cha tatu, unabaki nyuma karibu na koo kama wa mbegu ya chungwa iliyotafunwa. Tumezoea kuviita vyote "kali", na hapo ndipo mhudumu anapopotea.

Nyekundu nazo hazilingani. Madiran hutegemea Tannat, zabibu yenye tanini nyingi kama jina linavyodokeza. Médoc ya Bordeaux hubebwa na Cabernet Sauvignon, na ikiwa changa hukwaruza. Miaka ikipita ukakasi unalainika. Bandol ya Provence ina Mourvèdre na lazima ikae kwenye mbao miezi 18. Beaujolais ni Gamay: vichala vizima huingizwa kwenye tangi lililojaa hewa ya kaboni, uchachukaji huanzia ndani ya tunda, maganda hayakai sana kwenye juisi, kwa hiyo divai hupata harufu ya matunda bila tanini nyingi. Zote nne ni kavu. Kumwambia mtu kwamba nyekundu ya kawaida ya Ufaransa ni kavu ni kumwambia kwamba bahari ina chumvi. Haki isemwe, hata wataalamu wa Kifaransa wana msemo tanins secs, tanini kavu, wakimaanisha zile zinazokwaruza bila kuwa na tunda la kuzifunika. Lakini hapo kavu inaeleza tanini, si divai.

Kosa la upande wa pili ni kuita tamu kitu chenye harufu tamu tu. Gewürztraminer, divai nyeupe ya Alsace, inanukia waridi kama maji ya marashi, na wengine wanaapa ina sukari hata ikiwa haina. Châteauneuf-du-Pape nyekundu yenye zabibu nyingi za aina ya Grenache na kilevi cha asilimia 14 au 15 huacha utamu fulani ulimini ambao si sukari, ni kilevi chenyewe. Bana pua, onja, umeze, kisha achia. Kilichokuwepo ukiwa umebana ndicho cha ulimi. Kilichokuja ulipoachia ni harufu.

Hata asiyegusa pombe anaweza kujaribu hili: glasi ya maji ya mililita 250, kamulia nusu ndimu, tia kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hiyo ni kama gramu 16 kwa lita, na bado utaona ni chachu. Tia kijiko hichohicho kwenye maji matupu, utamu unasikika mara moja. Asidi inaificha sukari, ndiyo sababu sheria ile inaruhusu gramu 9, na ndiyo sababu Vouvray demi-sec ya zabibu aina ya Chenin inaweza kumpita mtu akidhani ni kavu.

Joto nalo linadanganya. Nyekundu yenye tanini ikitoka moja kwa moja kwenye friji inazidi kukwaruza. Ikinywewa kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzi 30, kilevi kinapanda puani. Ule ushauri wa "joto la chumba" ulikuwa wa nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Ipoze kidogo kwenye friji kabla ya kuinywa.

Lebo zisomwe kwa uangalifu. Jurançon bila neno la ziada ni nyeupe tamu. Kavu yake huandikwa Jurançon sec. Graves nyeupe ni kavu, Graves Supérieures ni tamu. Maury kwa kawaida ni nyekundu tamu iliyoongezwa kilevi, na isiyo tamu ina jina lake tangu 2011, Maury sec. Alsace, baada ya kulalamikiwa miaka mingi, imelazimishwa kuandika kiwango cha utamu kwenye chupa zake zisizo na mapovu kuanzia mavuno ya 2021.

Kwa hiyo yule wa Madiran angesema tu, "Naomba nyekundu isiyo na ukakasi," angeletewa Fleurie au Chiroubles ya Beaujolais iliyopozwa kidogo, akainywa kwa raha, na ingekuwa kavu vilevile kama ile aliyoirudisha. Mhudumu akilishangaa neno, amtajie ndizi mbichi.