Ctrl+D moja, kazi nne

Chukua Ctrl+D, mkato wa kibodi, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja kutoa amri. Kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, inaondoa uteuzi, ile mistari inayotembeatembea kuzunguka picha inatoweka. Kwenye Illustrator, ya kuchora, inarudia badiliko la mwisho: ukishanakili duara na kulisogeza, kila ukibonyeza linatokea jingine mbele yake. InDesign, ya kupanga kurasa, inakufungulia dirisha la kuchagua picha ya kuingiza ukurasani. CorelDRAW, Inkscape na Figma, nazo za usanifu, zinatoa nakala ya kitu ulichokichagua. Na hizo tatu za kwanza ni za kampuni moja, Adobe. Msanifu wa vitabu huzifungua zote ndani ya asubuhi moja.

Nikilalamika naambiwa ni mazoea tu. Sikubali, maana mazoea ndiyo tatizo lenyewe. Aliyebobea hafikirii vitufe, mkono unakwenda wenyewe, na mkono haujui ni programu gani iko mbele yake. Anayejifunza leo, anayesoma menyu neno kwa neno, hasumbuki hivyo.

Wanaopata tabu zaidi ni waliokulia kwenye CorelDRAW, mfalme wa maduka mengi ya mabango na fulana huku kwetu. Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji wanabonyeza Ctrl+Q ili maandishi yageuke michoro na fonti isibadilike kwenye kompyuta ya mwenzao. Bonyeza hivyo hivyo ndani ya Illustrator ya Windows uone: programu inaanza kujifunga! Ushukuru kwamba inauliza kwanza kama uhifadhi. Amri uliyoitaka ni Ctrl+Shift+O. Duara kamili nalo, Corel unashikilia Ctrl, Illustrator unashikilia Shift. Huku Shift ya Corel inachora kuanzia katikati, kazi ambayo Adobe wameipa Alt. Halafu Ctrl+Y, ambayo Word imetuzoesha kurudishia tulichotengua, kwa Illustrator inaondoa rangi zote na kukuachia mistari mitupu. (Hazijapotea. Bonyeza tena.)

Chanzo kinaeleweka. Illustrator ilitoka 1987, Photoshop 1990, InDesign 1999, kila moja ikiwa na watu wake na tabia zao, na ukigusa kitufe unawavuruga. Ila InDesign ilipokuja kumnyang'anya wateja QuarkXPress, programu nyingine ya kupanga kurasa, iliwekewa seti nzima ya mikato ya kibodi ya mpinzani huyo ili wanaohama wasibabaike. Kumbe uchungu wa kubadilisha vitufe walikuwa wanaujua vizuri!

Oktoba 2018 Photoshop ikajirekebisha. Kabla ya hapo Ctrl+Z ilitengua hatua moja tu, ukirudia inairudisha hiyo hiyo. Kurudi nyuma zaidi ilikuwa Ctrl+Alt+Z. Wakaifanya iwe kama programu nyingine, na hapo nawapongeza. Lakini toleo hilo hilo likaigeuza Shift, ambayo hadi hapo ulishikilia ili picha ikue bila kupotoka. Picha ikawa inakua kwa uwiano bila kushikilia chochote, na ukishikilia Shift kama ulivyozoea, uso wa bibi harusi unapanuka upande. Illustrator na InDesign zikabaki na Shift ya zamani. Tena hata ndani ya Photoshop maumbo ya vekta, yaani yaliyochorwa kwa mistari badala ya nukta za picha, hayakubadilishwa hadi Novemba 2019, kwa hiyo kwa mwaka mzima picha na umbo la vekta vilivyo kwenye faili moja vilitii sheria mbili.

Kanuni mpya ni nzuri, nani anataka picha ipotoke? Lakini Photoshop haitumiki peke yake, na mimi ningeona heri ibaki na kasoro ya ndugu zake kuliko kunyooka yenyewe na kuwaacha.

Kwa sasa, Alt+Shift+Ctrl+K inafungua dirisha la kupanga upya mikato, Photoshop na Illustrator sawia. Amri ya kugeuza maandishi unaweza kuipa kitufe ulichokizoea. Shift ya kuvutia picha haimo kwenye orodha hiyo. Kwa Photoshop ingia kwenye mapendeleo (Preferences), sehemu ya jumla (General), utakuta kisanduku cha kurudisha mtindo wa zamani. Mimi nakitia tiki kwenye kila kompyuta ninayoikalia, halafu nawaambia wenye kompyuta.