Uzamili wa Kifaransa si kozi ya lugha

Kila msimu wa udahili nasoma barua za waombaji, na sentensi ni ileile: "Naomba kusoma uzamili ili niboreshe Kifaransa changu." Jamani, hapana. Anayeingia uzamili anatarajiwa awe ameshafika C1, yaani ngazi ya tano kati ya sita za umahiri wa lugha za Ulaya (A1 hadi C2), au B2, ngazi ya nne, iliyokomaa kwelikweli. Hakuna atakayekufundisha sarufi. Semina inaanza na riwaya uliyopaswa kuwa umeshaimaliza, na mhadhiri anataka hoja yako, hataki muhtasari wa kisa.

Wanaonisikitisha zaidi ni waliosomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni, Bujumbura au Lubumbashi. Kwa kuwa kinawatoka bila kikwazo, wanaona kazi imekwisha. Kisha linakuja pendekezo la utafiti: "Mwanamke katika fasihi ya Kiafrika." Hiyo ni rafu nzima ya maktaba, na ndani yake hamna swali. Chukua Une si longue lettre, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, ya mwaka 1979. Ramatoulaye amefiwa na mume, yumo edani, anamwandikia shoga yake Aissatou. Kurasa kadhaa anamsimulia Aissatou ndoa ya Aissatou mwenyewe: jinsi Mawdo alivyooa mke wa pili, na jinsi Aissatou alivyofungasha akaondoka. Hata barua ambayo Aissatou aliiandika kwa mkono wake kumuaga mumewe, Ramatoulaye anamnukulia tena. Mwenyewe anayajua yote hayo. Sasa anaambiwa ya nini?

Hapo umepata swali. Ukilifuata, itakubidi uchunguze ni nani hasa anayeandikiwa, ni wapi Aissatou anasemeshwa moja kwa moja na ni wapi anasahaulika kurasa kwa kurasa, na kama tunachosoma ni barua au ni shajara. Hiyo ni tasinifu. Ufasaha wa kuzungumza haukupi majibu hayo hata kidogo. Unayapata kwa kusoma polepole.

Ushauri wangu, nao siuachi: soma kitabu mara tatu kabla hujagusa nadharia yoyote, na mara ya tatu ushike penseli. Genette, yule Mfaransa wa nadharia ya usimulizi, atakungoja. Halafu andika swali lako kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Ikishindikana, usimtafute msimamizi bado.

Kisha kuna visingizio ninavyosikia kila mara. "Nina DALF C2, hiyo ni sawa na uzamili." Si sawa. DALF ni cheti kizuri cha umahiri wa lugha na hakiishi muda wake, lakini hakipimi utafiti.

"Fasihi ya Kifaransa ni ya Wafaransa." Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal alitwaa Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 2021. Scholastique Mukasonga, mzaliwa wa Rwanda, alipata tuzo nyingine ya huko, Renaudot, mwaka 2012. Mudimbe, mwandishi wa riwaya ya Entre les eaux, alizaliwa Likasi, Katanga, kwenye wasemaji tele wa Kiswahili. Anayejua Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja ana uwanja mpana wa utafiti hapa hapa kwetu, na inaniuma kuuona mtupu.

"Bila kwenda Ufaransa huwezi." Vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta vimekuwa vikitoa uzamili huo, na kwa fasihi ya Senegal, Dakar inafaa kuliko Paris. Nenda Ufaransa ikiwa nyaraka unazozihitaji ziko huko na hazipatikani kwingine. Uliza kwanza, maana hata miswada ya Madame Bovary, riwaya ya Flaubert, inayotunzwa Rouen, Ufaransa, inasomeka mtandaoni bure.