Babu anapotetemeka, mimi nakagua upepo

Jukwaani mimi ni babu. Natoka nimepinda mgongo, bakora mkononi, kofia imelalia sikio, na moto nauogopa kupita kiasi. Mwenge ukiletwa natimka, watoto wananizomea, "Babu, rudi!" Kila mara kijana fulani hunifuata ufukweni akitaka nimfundishe kula moto. Hakuna anayeniuliza kuhusu babu, na babu ndiye somo la kwanza.

Mwenge ukitoka kwenye kopo la mafuta huwa unachuruzika. Utambi wetu ni mkanda wa Kevlar, uzi usioyeyuka, umeviringwa kwenye ncha ya chuma, nao hunywa mafuta kuliko uwezo wake wa kuyashika. Usipoukung'uta, matone yanayowaka yataruka hadi mstari wa mbele, wanakokaa watoto. Kwa hiyo babu hutetemeka. Hutetemeka mkono ule ule wenye mwenge, juu ya kopo, mpaka tone la mwisho lidondoke. Kisha anapoteza kibiriti. Anakitafuta kofiani, kiatuni, kwapani, na muda wote huo mimi natazama leso niliyoifunga kwenye mnazi. Msimu wa Kusi upepo wa pwani huja kwa vishindo, na ukigeuka nahama hatua kumi, babu akaonekana amepotea tu. Namtazama pia mwenzangu mwenye taulo bichi. Asipotikisa kichwa kwamba yuko tayari, kibiriti hakionekani.

Hata nguo za babu ni pamba tupu, zimebana mikononi. Nailoni huyeyuka ikagandana na ngozi.

Petroli siigusi. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, kwa hiyo unaowaka kwanza ni ule uliokuzunguka usiouona. Mafuta ya taa kwa kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafike digrii 38 hivi au zaidi. Utambi ndio unaoyasaidia.

Kula moto hakuna dawa ya siri mdomoni. Joto hupanda juu, kwa hiyo kichwa kinalazwa nyuma, pumzi inatoka taratibu, midomo inafumba, hewa inakatika, mwali unakufa. Kuvuta pumzi ndani wakati huo ndiko kunakoumiza watu, na hilo halifunzwi kwa video.

Kupuliza moto, yaani kutema mafuta juu ya mwenge yalipuke, nimeacha. Usiku mmoja hotelini kikohozi kilinishika mafuta yakiwa mdomoni, nikalazwa siku kadhaa nikipumua kama mtu aliyekimbizwa. Mafuta ya taa ni mepesi mno; yakiteleza kidogo tu kuingia mapafuni yanawasha na kuleta nimonia. Jamani, aliyeyameza msimtapishe, na maziwa hayamsaidii: yakirudi juu yanapata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali hapo hapo.

Watazamaji bado huniomba, "Puliza, babu!" Basi babu hujaza mdomo maji ya dafu, mashavu yanavimba, anainua mwenge mbali kabisa na uso, ngoma inapanda, watoto wanaziba masikio. Anawatazama mmoja mmoja. Halafu anayameza.