Ukuzaji wa afya si kupima presha barazani

Hema linapigwa karibu na baraza ya wazee, wanapimwa presha na sukari, wanagaiwa fulana, picha zinapigwa. Jioni taarifa inatoka: "Ukuzaji wa afya kwa wazee umefanyika." Jamani, huo ni upimaji.

Ukuzaji wa afya ni mchakato wa kuwawezesha watu kuwa na uamuzi zaidi juu ya afya zao na kuziboresha. Ndivyo lilivyosema tamko la Ottawa, Kanada, mwaka 1986.

Upimaji una kazi yake kubwa, kwani presha hukaa mwilini miaka bila dalili. Lakini mzee akiambiwa "presha iko juu, nenda hospitali", kisha hema likakunjwa, ameachiwa namba na wasiwasi. Elimu ya afya nayo ni sehemu tu. Mweleze bibi kwamba chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Ikiwa anayepika ni mkaza mwana, bibi atapunguza nini? Ukuzaji unaingia mpaka jikoni kwa mkaza mwana. Unafunika mtaro ulio wazi njiani. Unauliza choo kiko wapi, maana mzee asiye na choo karibu hujinyima maji, au haji kabisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiimarisha wasianguke, angalau siku 3 kwa wiki. Hema la Jumamosi moja haliwezi hayo. Katika mji wa Kochi, Japani, tangu 2002 wazee hukutana mtaani kwao wakafanya mazoezi na vizito vidogo vya kufunga mikononi na miguuni, na wanaoendesha vikundi ni wakazi wenyewe.

Sisi mahali tunapo. Baraza za Mji Mkongwe, Zanzibar, hujaa wazee kwa kahawa, bao na dhumna. Ila hapo ni wanaume; bibi zetu wafuatwe kwenye vikoba, maulidini, kwenye jumuiya za kanisa. Hili husahauliwa mno.

Basi, ndugu waandaaji, shughuli ya hema iiteni upimaji wa afya, ni jina la heshima kabisa. Ukuzaji tuuseme pale wazee wenyewe wanapopanga siku, wanapochagua la kufanya, na mhudumu wa afya anapokuja kwa mwaliko wao.