Je, wajua kwa nini mtoto mgeni hukaa miezi bila kusema neno darasani, kisha siku moja anaibuka na sentensi nzima?

Nilipokuwa darasa la kwanza, katika kijiji kimoja nje ya Dodoma mjini, tuliletewa dawatini mtoto wa Kizungu. Wazazi wake walikuwa wamisionari, hawajamaliza hata mwezi nchini. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na ilipogongwa yeye aliruka kama kifaranga. Mwalimu akisema "simameni", alisimama nyuma yetu kidogo. Akisema "kaeni", hivyo hivyo. Alibeba kidumu chake cha maji kama sisi, alifagia uwanja kama sisi, lakini neno halikumtoka. Ilikuwa Januari, mashamba yanapaliliwa. Mvua zikakata, uwele ukavunwa, bado kimya. Tulikwisha kubaliana kwamba ni bubu.

Siku moja kwenye foleni ya uji mvulana mmoja akamvuta nywele. Binti akageuka na kupaza sauti: "Mwalimu, huyu ananichokoza!" Si kwa kubabaika. Kwa mlio uleule wa kulalamika tuliokuwa nao sisi sote, na lile "huyu" limevutwa kama tulivyolivuta sisi. Foleni nzima ilicheka, na aliyekaziwa macho na mwalimu wa zamu akawa yule mvulana.

Sentensi ile aliitoa wapi, mtu ambaye hakuwa amesema hata "naomba maji"?

Wataalamu wa lugha wanakijua kimya hiki, na mmoja wao aliyekitangaza sana ni Stephen Krashen wa Marekani. Mtoto anayetupwa katikati ya lugha ngeni mara nyingi huanza kwa kusikiliza tu, wiki hadi miezi, kabla ya kufungua mdomo. Kenji Hakuta aliandika katika miaka ya 1970 habari za mtoto wa Kijapani wa miaka mitano aliyepelekwa Marekani: miezi ikapita bila Kiingereza cha kueleweka, kisha maneno yakaanza kumiminika. Kuna na mtoto mwingine wa umri huohuo, kutoka Taiwan, aliyefuatiliwa na watafiti huko California. Miongoni mwa sentensi zake za mwanzo kabisa za Kiingereza ilikuwa ya kumfukuza mwenzake anayemsumbua: toka hapa! Niliposoma habari hizo ukubwani nilimkumbuka jirani yangu wa dawati. Inaonekana uchokozi ni mwalimu mzuri wa lugha popote pale.

Siri ni kwamba mtoto haokoti neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Anaokota kifungu kizima pamoja na mlio wake na mahali pake: watu wakivutana, hiki ndicho kinachosemwa, na mwalimu huja. Ndani yake mna nini, hajui. Kwetu sisi "ananichokoza" ni neno lenye vipande: a- ni yeye, -na- ni sasa, -ni- ni mimi, halafu tendo lenyewe. Kwake ilikuwa donge moja. Ushahidi ninao. Wiki ileile alikanyaga mwiba wa mgunga, akakaa chini akishika kisigino, akalia: "Ananichokoza!" Mwiba!

Kisha donge likaanza kumeguka. Alisikia "anakuchokoza", "amenichokoza", "usimchokoze", akaona kuna sehemu inabaki na sehemu inabadilika. Hapo ndipo makosa yalipoanza, na makosa hayo ndiyo habari njema, maana kasuku hakosei kwa mtindo ule. Siku moja aliniambia "mimi ananichokoza wewe", akimaanisha ananitania. Baada ya siku chache ikawa "mimi nakuchokoza wewe", na muda si mrefu "nakuchokoza" peke yake. Hakuna aliyemfundisha viambishi. Sisi wenyewe hatukujua kama vipo.

La dukani ndilo lililotuvunja mbavu zaidi. Alitumwa na mama yake, tukamsindikiza, akasimama mbele ya muuzaji na kusema kwa adabu zote: "Shikamoo, naomba vilo viwili vya sukari." Kisu, visu. Kiti, viti. Kilo, vilo! Ukitafakari, hakukosea kanuni, alikosea neno. Na Kiswahili chenyewe kimefanya mchezo huohuo zamani: kitabu kilitoka Kiarabu, ambako ile "ki" ni sehemu tu ya mzizi, lakini Waswahili waliisikia kama ngeli yao wakazaa vitabu. Hata kipilefti cha barabarani, kilichoanza kama amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, leo wingi wake ni vipilefti. Kwa hiyo binti yule alikuwa anafikiri Kiswahili. Muuzaji alimpa vilo vyake.

Watu husema mtoto mdogo hujifunza lugha haraka kuliko mtu mzima. Hapo pana kasoro. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti wao kuhusu watu wenye kuzungumza Kiingereza waliohamia Uholanzi, watoto kwa wakubwa, na jinsi walivyopokea Kiholanzi. Katika miezi ya kwanza walioongoza walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walivuta mkia, na hata mwaka ulipokwisha bado walikuwa nyuma. Ndiyo maana kwenye nyumba ya wamisionari miezi ya mwanzo mama na baba, waliopita kozi ya Kiswahili na daftari la ngeli mkononi, ndio wanaoongea na wageni sebuleni, na mtoto amejificha nyuma ya kochi. Mtoto anashinda baadaye, hasa kwenye matamshi na ile mizani ya sentensi ambayo daftari haliwezi kuitia. Baada ya mwaka au miwili ndiye anayemnong'oneza baba yake kanisani kwamba ng'ombe si "n-gombe". Na ajabu ni kwamba sauti yenyewe Mwingereza anayo, aitamka kila siku mwishoni mwa maneno. Tatizo lake ni kuiweka mwanzoni, ambapo lugha yake haijawahi kuiweka.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa walimu. Tahajia ya Kiswahili haina hila: ba be bi bo bu, herufi ni ileile na sauti ni ileile kesho na keshokutwa. Kiingereza ni msitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 chini ya Philip Seymour, uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kwamba wanaojifunza kusoma Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao wengi wenye tahajia nyoofu ili kushika misingi. Basi mtoto wa mmisionari katika shule ya Kiswahili anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima, bila kukwama, kabla hajaweza kusoma lugha ya mama yake. Mwalimu anafurahi, anampigia makofi. Muulize sasa hadithi ilihusu nini. Anatabasamu.

Mkanada Jim Cummins aliueleza mpasuko huu vizuri tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lugha ya uwanjani, ya rede na kombolela, mtoto mgeni huipata kwa takribani mwaka mmoja hadi miwili, kwa sababu uwanjani macho, mikono na mpira vinasaidia kueleza. Lugha ya darasani, ya "linganisha", "fafanua" na "kwa kuwa", huchukua miaka mitano hadi saba kumfikisha sawa na wenzake. Mtu anayemsikia binti wa Kizungu akipiga soga bombani anaapa kwamba amekimaliza Kiswahili. Kumbe fumbo la hesabu la mistari mitatu linamlaza chini.

Sasa nirudi kwetu tuliokuwa tunamcheka. Nyumbani mwangu bibi hakuzungumza Kiswahili. Tuliamkiana "mbukwenyi", tukala ugali na mlenda kwa Kigogo, tukagombezwa kwa Kigogo, na Kiswahili tulikikuta shuleni. Wapo wenzangu waliokaa kimya darasa la kwanza karibu sawa na yule mgeni, ila hakuna aliyekuja na daftari kuwaandika. Walionekana wazito tu. Na baada ya miaka saba ya kufundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kikatupokea kwa Kiingereza, tukawa bubu upya, wakati huu wote kwa pamoja. Kwa hesabu za Cummins, wengi wetu tulimaliza kidato cha nne kabla lugha ya masomo haijatukaa. Sipendi kulisema hili kwa upole: tunamwonea huruma mtoto mmoja wa Kizungu kwa jambo tunalowafanyia maelfu ya wetu na kuliita mtihani.

Yeye kukaa dawati moja nasi halikuwa jambo la kawaida katika historia ya misheni. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS, chama cha umisheni kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na tangu wakati huo watoto wao wamekulia katika nchi hii, lakini desturi ya muda mrefu ilikuwa kuwapeleka shule za lugha yao. Wengine walirudishwa Ulaya. Wengine walipelekwa bweni: Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa kwa ajili ya watoto kama hao, na Walutheri wa Marekani walikuwa na shule ya watoto wao Kiomboi, kule Iramba. Wengi waliondoka nyumbani wakijua lugha ya majirani waliocheza nao, na bweni likaifuta.

Kwamba lugha ya utotoni inaweza kufutika, hilo limeonyeshwa. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima waliozaliwa Korea na kulelewa Ufaransa baada ya kuasiliwa wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi minane. Walisikilizishwa Kikorea huku ubongo ukipigwa picha, na hawakukitambua zaidi ya Wafaransa wasiokijua kabisa. Mtoto anayeondoka akiwa mkubwa zaidi hubaki na mengi.

Jirani yangu aliondoka na wazazi wake tukiwa darasa la sita. Alikuwa ameshakariri jedwali la kuzidisha pamoja nasi, lile la kuimba kwa sauti hadi vumbi linatoka darini, na hesabu ndiyo kitu ambacho watu wengi wenye lugha mbili hukishikilia katika lugha walimosomea. Ukitaka kuliona hilo huna haja ya kumtafuta Mzungu. Nenda soko la Majengo, hapa Dodoma, usimame karibu na mzee anayebishania bei ya karanga kwa Kigogo kitupu, sentensi baada ya sentensi, mpaka anapotoa pesa mfukoni na kuanza kuzihesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika: elfu moja, elfu mbili, mbili na mia tano.